Kamba inarudi nyuma, moto mwekundu: hiyo engine bado nzima

"Shikamoo fundi. Marehemu baba alituachia pampu ya maji yenye engine ya Briggs & Stratton ya zamani, hospawa 5, ya kuvuta kamba, tunamwagilia nayo vitunguu. Ilikuwa inawaka vizuri tu. Mwezi uliopita pampu ilinyonya jiwe engine ikasimama ghafla ikiwa kwenye mwendo, jiwe tukalitoa, tangu hapo kuwaka ni kwa shida. Fundi wa hapa akafungua lile gurudumu zito, akasafisha platini na kuzipanua ili moto uwe mkubwa, sasa ndo imekuwa balaa, ukivuta kamba inarudi kwa nguvu inakunyang'anya mkono. Juzi imemvuta mdogo wangu, kifundo kimevimba mpaka leo. Plagi tukiigusisha kwenye bodi inatoa moto mwembamba mwekundu. Fundi anasema sumaku imeisha nguvu, tufunge koili ya gari na betri ya pikipiki. Mwingine anasema tuuze skrepa. Petroli mpya, plagi mpya. Tufanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Poleni sana, na naomba nianze na mkono wa huyo dogo manake engine inaweza kusubiri. Kifundo kilichovutwa na kamba ya engine kikabaki kimevimba siku kadhaa, msikikande kwa maji ya moto mkaishia hapo. Mkono ukirudishwa hivyo kinachoumia mara nyingi ni ncha ya mfupa upande wa kidole gumba, au kamfupa kadogo kanakokaa chini ya gumba, na haka kadogo kanadanganya sana, mtu anaendelea kushika jembe, na hata picha ya kwanza wakati mwingine haionyeshi ufa. Mpelekeni hospitali apigwe picha. Akinyoosha gumba kuna kishimo kinatokea pale chini, akibonyezwa hapo akasikia maumivu makali amwambie daktari hivyo hivyo, na daktari akisema arudi baada ya wiki moja au mbili kwa picha nyingine arudi kweli. Na kuanzia leo kamba hiyo isivutwe na mtu yeyote mpaka tujue kwa nini inarudi.

Sasa engine. Umenitajia kitu ambacho wengi hawakitaji wakiuliza, jiwe. Na umenitajia kwamba platini, vile vidomo viwili vinavyofumba na kuachana kukata umeme, zilipanuliwa. Kwa hayo mawili naona una matatizo mawili yaliyopandana, ndo maana kila anayeangalia anapata jibu lake. Moto kuwa dhaifu nahisi kulianza na jiwe. Kamba kurudi kulianza na kupanua platini. Sumaku sidhani kama inahusika kabisa, na nitakuonyesha namna ya kuipima mwenyewe bila kulipa mtu.

Ili unielewe inabidi tuingie kidogo ndani. Engine hii haina betri wala chaja, umeme wake inajitengenezea yenyewe kila ikizunguka. Kwenye lile gurudumu zito, flaiwili, kuna sumaku imefungwa ubavuni. Pembeni yake kuna koili, na ndani ya koili kuna nyuzi mbili zimeviringwa juu ya vipande vya chuma, uzi mmoja mnene wenye mizunguko michache na mwingine mwembamba sana wenye mizunguko maelfu. Sumaku ikipita mbele ya koili inaamsha umeme kwenye ule uzi mnene, umeme unazunguka kupitia platini ambazo muda huo zimefumba. Hapo kwenye plagi bado hakuna kitu. Moto unazaliwa pale platini zinapoachana, umeme uliokuwa unakimbia unakatwa ghafla, usumaku uliojaa kwenye koili unaporomoka kwa mara moja, na ule uzi mwembamba unatoa volti zaidi ya elfu 10. Wewe una pampu unalijua hili, maji yakiwa yanakimbia ukafunga koki ghafla bomba linagonga, ule mpigo ni mkubwa kuliko msukumo wa maji yakiwa yanatembea kawaida. Kwenye koili nguvu iko kwenye kukata, na ukataji ukiwa wa kusuasua moto nao unakuwa wa kusuasua.

Ndo kazi ya kondensa hiyo, kale kachupa kadogo ka bati kalikokaa na platini. Umeme ukikatwa hautaki kusimama, unataka kuruka kati ya platini kama cheche, na ukiruka hapo ukataji unakuwa wa polepole na platini zinaungua. Kondensa inaupokea ule umeme kwa muda mfupi sana ili platini ziachane safi. Kondensa ikifa engine inaweza ikatoa moto bado, lakini mwembamba, wa rangi ya njano au nyekundu, na platini zinakuwa nyeusi zenye kishimo upande mmoja na kakilima upande wa pili. Kwa hiyo moto mwekundu peke yake haumtaji mwizi, unaweza kuwa kondensa, platini, koili, waya, au hilo ninalokuja kulisema sasa hivi.

Kwenye hizi Briggs za platini kuna vitu viwili lazima vikutane kwa wakati mmoja. Sumaku iko kwenye flaiwili. Platini zenyewe zinasukumwa na kijiti kidogo kinachogusa krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Yaani kimoja kinakwenda na flaiwili kingine kinakwenda na krenki, na kinachohakikisha vinakwenda pamoja ni flaiwili kukaa vizuri pale kwenye ncha ya krenki ikiwa kwenye mkao wake, na mkao huo unawekwa na kii, kale kapande ka chuma laini kanakoingia kwenye mfereji. Sasa jiwe likishika pampu, krenki inasimama hapo hapo kwa sababu pampu imefungwa moja kwa moja kwenye krenki, lakini flaiwili ni nzito ina mwendo wake, inataka kuendelea mbele. Inasogea kidogo, kii inakatika au inapinda. Huwezi kuliona hilo kwa nje, flaiwili imekaza vile vile. Lakini kuanzia hapo sumaku inawahi kupita mbele ya koili, platini zikija kufunguka umeme ulishapita kilele chake, unakata kitu kilichokwisha kupungua. Moto unakuwepo ila hauna nguvu. Hiyo ndo hali yako ya mwezi uliopita kabla fundi hajagusa kitu, na mimi ningeweka pesa yangu hapo.

Nitoe angalizo, maana kuna wengine watasoma hapa wakiwa na engine nyingine. Kuna engine za zamani ambazo kile kinachofungua platini kimo ndani ya kitovu cha flaiwili yenyewe, pikipiki nyingi za zamani ziko hivyo. Hizo flaiwili ikisogea, wakati wa moto wenyewe unahama, na kamba au kiki inaanza kukurudisha kwa sababu hiyo hiyo ya kii. Na zile Briggs za baadaye zisizo na platini, zilizoanza mwaka 1982 na koili ya kielektroniki, nazo zinasoma sumaku peke yake, kwa hiyo kii ikisogea moto unawahi. Ya kwako ikiwa ni ya platini chini ya flaiwili, kii imekupunguzia nguvu ya moto. Kurudi kwa kamba kumeletwa na kitu kingine.

Sasa hilo la kupanua platini. Wanalifanya mafundi wengi, na walifundishwa hivyo na waliowatangulia, simlaumu mtu. Wanachanganya pengo la plagi na pengo la platini. Plagi ukiipanua, cheche inakuwa ndefu kama koili ina nguvu ya kuirusha. Platini ukizipanua inakuwa kinyume, mambo mawili yanatokea kwa pamoja. La kwanza zinafunguka mapema kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo moto unatoka pistoni ikiwa bado iko mbali inapanda. La pili zinakaa zimefumba muda mfupi, koili haipati nafasi ya kujaa. Yaani umepata moto unaowahi na ambao ni dhaifu zaidi ya ule wa mwanzo. Pengo la platini kwenye engine hizi ni inchi 0.020, nusu milimita, na hiyo nusu milimita ndo inayopanga wakati wa moto, haina kitu kingine cha kurekebishia taimingi.

Engine ikiwa kwenye mwendo, moto kutangulia kidogo ni sawa kabisa, kwa sababu mafuta yanahitaji muda kuungua na pistoni inakimbia. Wakati wa kuwasha pistoni inapanda polepole kwa nguvu ya mkono wako tu. Moto ukitoka mapema mno, mlipuko unaikuta pistoni haijafika juu, haina mwendo wa kutosha kuvuka, inasukumwa irudi chini ilikotoka. Kamba iko mkononi mwako. Ukivuta kwa kusitasita inakuwa mbaya zaidi, na mtu akishaogopa kamba ndo anavuta kwa kusitasita, kwa hiyo inampiga tena.

Shida hii ni ya zamani kuliko hizi pampu. Gari ya Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 mpaka 1927, ilikuwa na mkono mdogo upande wa kushoto wa nguzo ya usukani wa kuwahisha na kuchelewesha moto. Kabla ya kwenda mbele kuzungusha hendeli, dereva alitakiwa kuusukuma juu, moto uchelewe, engine ikishawaka anaushusha taratibu. Aliyesahau alivunjwa mkono, wakawa wengi kiasi kwamba ule mvunjiko wa mfupa upande wa gumba madaktari waliupa jina la madereva na jina hilo linatumika mpaka leo. Cadillac walipoweka stata ya umeme mwaka 1912 ilipokelewa kwa shangwe kwa sababu hiyo. Pampu yako haina mkono wa kuchelewesha, wenyewe waliliweka pengo la platini sehemu inayofaa kuwashia na kukimbizia kwa pamoja, na walichonga kemu, kile kinachosukuma valvu zifunguke, iache kompresheni, yaani hewa inayobanwa na pistoni, ivuje kidogo wakati wa kuvuta kamba. Hicho cha mwisho kikumbuke, nitarudi kwake.

Tuje kwenye kazi. Mwanzo kabisa, kabla ya kufungua flaiwili, chomoa ule waya mwembamba unaokwenda kwenye swichi au kibati cha kuzimia. Kuzima engine hii ni kuupeleka umeme wa platini kwenye bodi, basi. Huo waya ukichubuka ukagusa bodi nusunusu unakuibia moto, na nimeona watu wakinunua koili kumbe waya umesagwa na bati. Uchomoe uangalie moto. Ukibadilika umepata chanzo kimojawapo, usipobadilika endelea. Ila ukiwasha engine huo waya ukiwa nje hutaweza kuizima kwa swichi, kwa hiyo ni kwa kupima tu plagi ikiwa imetolewa.

Na kuhusu kupima, kugusisha plagi kwenye bodi kunadanganya watu pande zote mbili. Hewa ya nje ni nyepesi, cheche inaruka kirahisi. Ndani ya silinda hewa imebanwa, inahitaji volti nyingi zaidi kuruka pengo lile lile, kwa hiyo plagi inaonyesha moto nje halafu ndani haitoi kitu. Chukua plagi mbovu ya zamani, kata ule mguu wa pembeni ubaki wa katikati tu, cheche ilazimike kuruka kwenda kwenye ukingo, milimita 3 mpaka 4 hivi. Ifunge kwa waya au kibanio kwenye bodi mbali na tundu la plagi, tundu lizibe kwa kitambaa kwa sababu mvuke wa petroli ukitoka hapo unawaka usoni kwako, kisha vuta kamba kwa nguvu na haraka, bila plagi hairudi. Moto ukiruka hapo wa bluu wenye mlio, mfumo wako mzima. Usiporuka au ukiwa mwekundu wa kuzubaa, fungua flaiwili.

Kufungua flaiwili ndo sehemu yenye kuharibu engine nyingi. Usigonge ncha ya krenki kwa nyundo na usiingize bisibisi chini ukabanjua, mapezi ya flaiwili ni ya alumini yanavunjika na krenki inaweza kupinda. Kuna pula yake, kifaa cha kuivutia flaiwili itoke, inashika kwenye matundu mawili yaliyo karibu na katikati. Kuishikilia isizunguke ukifungua nati, wengine wanaingiza kamba laini ndani ya silinda kupitia tundu la plagi pistoni ikiwa inapanda na valvu zote zimefunga, inaibana pistoni bila kuumiza kitu. Ni njia nzuri.

Ukishaitoa, kabla ya kuangalia kingine chochote angalia kii. Iweke kwenye kiganja uizungushe. Inatakiwa iwe na kingo zilizonyooka. Ikiwa na ngazi, hata ndogo ya unene wa kucha, imekwisha, weka mpya ya aina hiyo hiyo laini. Na hapa naomba unisikilize sana, usikubali mtu akuchongee kii ya chuma kigumu kutoka kwenye msumari au bolti eti isikatike tena. Kinachoshikilia flaiwili ni ule mchongoko wa ncha ya krenki ukibanwa na nati, kii inaonyesha tu mkao. Ni laini makusudi, ili siku ya jiwe likatike hilo la bei ndogo na krenki ipone. Ya chuma kigumu itakupasulia flaiwili, na flaiwili iliyopasuka ikiwa kwenye mwendo ni kitu cha kuua mtu. Futa ncha ya krenki na tundu la flaiwili vikae vikavu kabisa, bila grisi bila oili, na nati ikazwe kisawasawa, flaiwili iliyolegea itakata kii nyingine kesho yake.

Sumaku sasa. Laza flaiwili juu ya meza ya mbao, shika bisibisi kwa kulegeza kabisa kwenye ncha ya mpini, ncha ya chuma ielekee chini, isogeze karibu na sumaku kama sentimita 2. Sumaku nzima itaivuta bisibisi mpaka ijigonge. Ikivuta hivyo, habari ya sumaku kuisha nguvu ifungwe. Sumaku za hizi engine zinakaa miaka mingi sana, kinachozipunguza ni kupigwa nyundo, na ndo sababu nyingine ya kutotumia nyundo. Kutu ndo huwa inazidi, juu ya sumaku na kwenye miguu ya koili, isugue kwa msasa laini.

Platini ziko kwenye kiboksi chini ya kibati. Kwenye Briggs utaona kondensa ndo imebeba upande mmoja wa platini, kwa hiyo pengo linapangwa kwa kulegeza kibanio cha kondensa na kuisogeza. Nunua seti nzima, platini na kondensa, zinauzwa pamoja, usihangaike kufufua za zamani kama zimeungua. Zungusha krenki mpaka platini zifunguke kabisa mwisho, ingiza fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia pengo, ya milimita 0.5, ipite kwa kugusa pande zote mbili. Ukimaliza pitisha kipande cha karatasi safi katikati ya platini zikiwa zimefumba, mara kadhaa, karatasi itatoka na weusi. Watu wanaliruka hili, lakini alama ya kidole chenye mafuta au chembe ya msasa inatosha kuzuia umeme na utaambiwa koili imekufa. Angalia pia kama ndani ya kiboksi kuna oili. Ikiwepo, kile kijiti au tundu lake limelika na oili inapanda kutoka chini, utazisafisha leo na wiki ijayo moto umekata tena.

Rudisha flaiwili, sumaku iwe mbali, legeza bolti mbili za koili, zungusha sumaku ije mbele ya koili ukiwa umeweka kadi moja ya biashara katikati, sumaku iivute koili yenyewe, kaza bolti, zungusha utoe kadi. Inakupa robo milimita na kidogo, ndo inayotakiwa. Plagi weka inchi 0.030, milimita 0.75. Pima tena kwa ile plagi ya kukata. Kama sasa kii ni mpya, platini mpya, pengo sahihi, waya wa kuzimia umechomolewa na bado moto ni mwekundu, hapo ndo uisemee koili. Koili mbovu mara nyingi inajitambulisha, inawasha asubuhi ikipata joto inazima, ikipoa inawaka tena.

Hiyo ya koili ya gari na betri. Inawezekana, nisikudanganye, na kuna engine zilizaliwa hivyo. Kwako sikushauri. Koili ya gari ya volti 12 ina kama omu 3, platini zikiwa zimefumba inakula ampea 4. Engine ikisimama platini zikiwa zimefumba na swichi iko wazi, koili inachemka mpaka inaharibika na betri inakwisha bila hata kumwagilia tuta moja. Ikiwa inazunguka tuseme inakula nusu yake, betri ya pikipiki ya ampea 5 itakupa saa mbili au mbili na nusu, na engine haina kitu cha kuichaji. Kwa hiyo kila siku unabeba betri kwenda kuchaji kwa ajili ya engine iliyokuwa haihitaji betri. Na kubwa zaidi, pengo la platini likiwa vile vile limepanuliwa, sasa utakuwa na moto wenye nguvu unaotoka mapema. Itampiga mtu mwingine vibaya kuliko ilivyompiga mdogo wako.

Njia ninayoiheshimu zaidi ya hiyo ni kuondoa platini na kuweka moduli ya kielektroniki. Ziko ndogo zinazounganishwa kwenye koili ile ile ya zamani, waya wa kwenda platini unakatwa, platini zinabaki kule ndani hazina kazi, hakuna tena oili wala kusugua. Kama kijiti chako kimelika na oili inapanda, nenda huko moja kwa moja. Ila kumbuka nilichosema, ukitoa platini taimingi inahamia kwenye flaiwili, kii iwe mpya kabisa. Kama kijiti ni kizima, seti ya platini na kondensa ni rahisi kupata, inafunguliwa kwa spana za kawaida, na ikikusumbua shambani unaweza kuitengeneza ukiwa umekaa juu ya ndoo. Binafsi ningeweka platini. Kununua engine mpya nalo ni wazo halali kama hii imechoka mwili mzima, lakini moto mwekundu si sababu ya kutosha.

Na kabla ya kuvuta, maliza jambo la kompresheni nililosema litarudi. Kale kavujo ka kemu kanafungua valvu ya kuingiza kidogo tu, kwa hiyo upenyo wa valvu ukiwa mkubwa kuliko kipimo chake, kavujo hakafiki, kompresheni inakuwa nzima, na kamba inakuwa nzito inayorudi hata taimingi ikiwa sahihi. Ukishapanga moto wote vizuri na bado inarudi, hapo ndo pa kuangalia.

Kuvuta kwenyewe, simama imara, engine iwe imefungwa isitembee, vuta taratibu mpaka ukutane na ugumu, iachie kamba irudi yote, halafu vuta mara moja ndefu ya haraka bila kusita katikati. Shika mpini kwa vidole, usijiviringie kamba mkononi hata siku moja, zile za kamba ya kuzungushia tupu ndo hatari zaidi. Wale wenye mashine za hendeli, Lister za dizeli za kusagia na nyinginezo, gumba likae upande mmoja na vidole vingine, lisizunguke hendeli, ili ikirudi hendeli itoke kwenye mkono badala ya kuondoka na mkono. Hizo dizeli hazina plagi wala platini, zinawaka kwa joto la kompresheni, msije mkatafuta magneto, yaani huu mfumo wa sumaku na koili, humo, zenyewe zina kiwiko cha kuachia kompresheni na hendeli haizungushwi kabla hakijainuliwa.

Kuna mahali naomba usimame na uibebe engine kwa mtu mwenye karakana badala ya kuendelea mwenyewe. Ukiona ufa wowote kwenye flaiwili, hasa kuanzia kwenye mfereji wa kii, usiirudishe. Ukiona mfereji wa kii kwenye krenki umetanuka, au ncha ya krenki ina mikwaruzo flaiwili inacheza hata ikiwa mpya, hiyo ni kazi ya mashine. Ukizungusha krenki ukaona ncha inayumba, jiwe liliipinda, hapo piga hesabu vizuri kabla ya kutoa pesa, manake krenki inaweza kuzidi thamani ya engine. Na kama huna pula, nenda ukaazime au ulipie kufunguliwa tu, uwepo hapo hapo uione kii ikitoka, wasikuambie kwa maneno.

Ukienda dukani andika namba zilizogongwa kwenye bati la juu la engine, ziko makundi matatu. La kwanza ni modeli, ikianza na 13 ni inchi 13 za ujazo takriban, sisi (cc) 200 na kidogo. La tatu ni kodi (code), na tarakimu mbili za mwanzo za kodi hiyo ni mwaka iliotengenezwa, na kwa engine ya miaka ya 1900 zikiwa chini ya 82 ilitoka kiwandani na platini. Bila namba hizo utauziwa kii ya engine nyingine, inaingia kwa kulegalega na inaonekana sawa. Mpelekee na kii ya zamani aipime, na ukinunua chukua mbili.